Kemia kwa Mwanafunzi wa Sekondari Aliyeachwa Nyuma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusudiwa wanafunzi wa sekondari na wazazi wao, hapa Kisumu na katika kaunti jirani za magharibi mwa Kenya, hasa wale ambao alama zao za kemia zimekwama katika D au E huku masomo mengine yakisonga mbele. Yanafuata silabasi ya mfumo wa 8-4-4, ambao wanafunzi wake wa mwisho watafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 2027. Walio katika gredi ya 10 wana swali lao karibu na mwisho.

Binti yangu alipata B katika kidato cha kwanza. Sasa yuko kidato cha tatu na anapata D. Je, kemia haimfai?

Mzazi mwenzangu, kushuka kwa namna hiyo ni jambo la kawaida, na sababu yake kwa kawaida haihusu akili ya mtoto. Kemia ya kidato cha kwanza inahusu zaidi vitu vinavyoonekana: kutenganisha michanganyiko, rangi za viashiria, kutu, hewa na uchomaji. Katika kidato cha pili mwanafunzi anaanza kuulizwa kuhusu vitu asivyoweza kuviona, yaani atomu, elektroni, ayoni na jinsi zinavyoungana. Aliyekosa wiki mbili hapo, iwe kwa ugonjwa, kwa karo au kwa kuhama shule, huendelea kunakili maandishi ya ubaoni bila kuelewa msingi wake, na pengo hilo halionekani mpaka afike kidato cha tatu, ambako karibu kila sura inachukulia kwamba tayari anaweza kuandika fomula na kusawazisha mlinganyo. Kwa hiyo, kabla ya kuamua kwamba somo halimfai, omba madaftari yake ya kidato cha pili uyaangalie. Mara nyingi utakuta kurasa zilizorukwa au mazoezi ambayo hayakusahihishwa.

Wazazi wengine huuliza pia kama kemia ina umuhimu sana, kwa kuwa tangu KCSE ya 2023 wastani wa daraja hukokotolewa kwa hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi. Ni kweli kwamba D ya kemia haimburuti mwanafunzi kama zamani. Hata hivyo, udaktari, famasia, uhandisi na kozi nyingi za kilimo bado zinaangalia alama ya kemia yenyewe, na mtoto wa kidato cha tatu bado ana muda wa kutosha kuiinua.

Nimeachwa nyuma kabisa. Nianzie wapi?

Usianzie mahali darasa lilipo. Anzia mahali ulipopotelea, na mahali hapo panaweza kupatikana kwa jioni moja. Chukua karatasi tupu, funga vitabu, kisha uandike fomula za kampaundi hizi nne: kalsiamu hidroksidi, aluminiamu salfeti, amoniamu kaboneti na naitreti ya risasi (II). Majibu ni Ca(OH)₂, Al₂(SO₄)₃, (NH₄)₂CO₃ na Pb(NO₃)₂. Ukikosa mbili au zaidi, tatizo lako ni valensi (uwezo wa atomu kuungana na nyingine) na ayoni zenye atomu nyingi, na hakuna faida ya kuendelea na sura ya nitrojeni au ya salfa kabla hujalitatua. Andika ayoni zote za silabasi pamoja na chaji zake kwenye kipande cha karatasi, ukibebe mfukoni, na uzoee kuziunganisha mpaka mkono uandike bila kusita.

Ukizipata zote nne, nenda kwenye milinganyo. Sawazisha mlinganyo wa aluminiamu na oksijeni, wa propani ikiungua hewani, na wa kaboneti ya sodiamu ikiwekwa katika asidi ya haidrokloriki. Kosa ninaloliona kuliko yote hapa ni mwanafunzi kubadilisha namba ndogo iliyo ndani ya fomula ili hesabu ikubali. Akiongeza 2 baada ya O katika H₂O, hajasawazisha chochote. Ameandika haidrojeni peroksaidi, ambayo ni kitu kingine kabisa. Namba za kusawazisha hukaa mbele ya fomula, na fomula yenyewe haiguswi.

Ukiliweza hilo pia, basi kilichokuangusha huenda ni moli, ambayo inastahili jibu lake.

Kwa nini hesabu za moli zinanishinda, hata baada ya kukariri kanuni zote?

Kwa sababu kanuni zimekaririwa bila swali ambalo kila moja inajibu. Moli ni namna ya kuhesabu chembe kwa kuzipima kwenye mizani, kwa kuwa haziwezi kuhesabiwa moja moja: moli moja ya kitu chochote ina chembe 6.02 × 10²³, na masi yake kwa gramu ni sawa na jumla ya masi za atomu zilizo katika fomula yake. Mwanafunzi akilishika hilo, hesabu karibu zote za karatasi ya kwanza na ya pili za KCSE hufuata njia ile ile ya hatua tatu: geuza ulichopewa kuwa moli, tumia uwiano ulio katika mlinganyo, kisha geuza moli ulizopata kuwa kile ulichoulizwa.

Tuchukue mfano wa karibu. Huko Koru, katika Kaunti ya Kisumu, mawe ya chokaa huchimbwa na kuchomwa ili yatoe chokaa hai (CaO). Mlinganyo ni CaCO₃ → CaO + CO₂. Tuseme umepewa gramu 10 za kaboneti safi ya kalsiamu na kuulizwa masi ya chokaa hai itakayobaki na ujazo wa gesi itakayotoka katika joto la kawaida la chumba. Masi ya fomula ya CaCO₃ ni 40 + 12 + 48, yaani 100, kwa hiyo gramu 10 ni moli 0.1. Mlinganyo unasema moli moja ya kaboneti hutoa moli moja ya CaO na moli moja ya CO₂, kwa hiyo tuna moli 0.1 ya kila kimoja. Masi ya fomula ya CaO ni 56, basi chokaa ni gramu 5.6. Moli moja ya gesi huchukua 24 dm³ katika joto la chumba, basi gesi ni 2.4 dm³. Ongeza ukaguzi mmoja: gramu 5.6 za CaO na gramu 4.4 za CO₂ zinarudi kuwa gramu 10 zile zile. Mwanafunzi anayefanya ukaguzi huo hugundua makosa yake kabla ya msahihishaji.

Makosa matatu huiba alama nyingi katika eneo hili. La kwanza ni kusahau kwamba gesi ya klorini ni Cl₂, hivyo masi yake ni 71 wala si 35.5; oksijeni, haidrojeni na nitrojeni hukosewa vivyo hivyo. La pili ni kutogawanya cm³ kwa 1,000 kabla ya kuzidisha kwa molariti (idadi ya moli katika kila dm³). La tatu ni kuruka uwiano, yaani kuchukulia kwamba kila mmenyuko ni moja kwa moja, hata pale ambapo asidi ya salfuriki inahitaji moli mbili za hidroksidi ya sodiamu. Fanya hesabu mbili kila siku kwa muda wa mwezi mmoja, ukiandika hatua zote kwa maneno na vipimo, badala ya hesabu ishirini katika siku moja ya Jumamosi.

Ninunue kitabu gani?

Kwanza angalia kama unahitaji kununua. Tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja katika shule za umma, na kemia ni miongoni mwa masomo hayo. Katika shule nyingi vitabu hivyo vipo, ila vimefungiwa katika stoo au vimegawiwa kwa zamu. Mzazi ana haki ya kuuliza kwa heshima ofisini, na mara nyingi swali hilo peke yake linatosha kumpatia mtoto kitabu cha kubeba nyumbani.

Ikiwa ni lazima kununua, ushauri wangu ni kitabu kimoja cha kiada kwa kila kidato, kilichoidhinishwa na KICD, taasisi ya kukuza mitaala, na si zaidi. Vitabu vya kemia vya Kenya Literature Bureau, vinavyojulikana kwa ufupi kama KLB, ndivyo walimu wengi hufundishia. Majaribio yake yamepangwa kwa mpangilio wa silabasi, na mwanafunzi anayevisoma nyumbani atakutana na mambo yale yale darasani. Wachapishaji wengine wana vitabu vizuri pia, na wakati mwingine maelezo yao ni mepesi zaidi. Kabla ya kulipa, fungua sura ya moli katika vitabu viwili au vitatu hapo hapo dukani na usome mfano mmoja uliokokotolewa. Kile ambacho umeelewa mfano wake bila kusaidiwa ndicho chako, hata kama jalada lake halivutii. Angalia pia kama mazoezi ya mwisho wa sura yana majibu nyuma ya kitabu, kwa sababu mwanafunzi anayejisomea bila majibu hawezi kujua kama amepotoka.

Kwa aliyeachwa nyuma, kitabu muhimu zaidi ni cha kidato cha pili. Nimeona wanafunzi wa kidato cha nne wakiaibika kubeba kitabu cha kidato cha pili mbele ya wenzao, kwa hiyo wanakiacha nyumbani na kuendelea kuzama katika elektrolisisi wasiyoielewa. Kibebe. Sura zake za muundo wa atomu, familia za elementi, miungano na chumvi ndizo zinazoshikilia kidato cha tatu na cha nne.

Vitabu vilivyotumika, vinavyouzwa kando ya barabara mijini, vinafaa kabisa. Kagua tu kwamba hakuna kurasa zilizochanwa, hasa jedwali la elementi na majibu ya nyuma, na kwamba kitabu kiliandikwa kwa silabasi ya Kenya inayotumika sasa. Vitabu vya mitihani ya Uingereza, ambavyo wakati mwingine hupatikana kwa bei nafuu, ni vizuri kwa mwanafunzi aliyekwisha kuimarika, lakini vina mada nyingi zisizotahiniwa KCSE na vinaacha nyingine zinazotahiniwa. Ambaye hana uwezo wa kununua chochote asikate tamaa: maktaba za umma za Kisumu, Nakuru na Kakamega zina vitabu vya sekondari, na zina utulivu ambao nyumba nyingi hazina.

Je, vitabu vya marudio vyenye maswali na majibu vinatosha?

Havitoshi kwa mtu anayeanza. Vinafaa baada ya kusoma sura katika kitabu cha kiada, kama mahali pa kujipima. Tena baadhi yake vina majibu yenye makosa, na mwanafunzi dhaifu ndiye asiyeweza kuyatambua. Jibu la kitabu cha marudio likipingana na kitabu cha kiada, mpelekee mwalimu vyote viwili.

Karatasi za mitihani iliyopita nizitumieje?

Kwa mada kwanza, na kwa mwaka baadaye. Ukimaliza sura ya chumvi, tafuta maswali ya chumvi katika karatasi za miaka mitano au sita, uyajibu bila kitabu, kisha usahihishe kwa mwongozo wa kusahihishia. Karatasi nzima kwa muda kamili iachie muhula wa kabla ya mtihani. Karatasi ya kwanza, 233/1, na ya pili, 233/2, zina alama 80 kila moja na huchukua saa mbili kila moja. Maana yake una dakika moja na nusu kwa kila alama, na swali la alama moja halistahili nusu ukurasa.

Mwongozo wa kusahihishia usomwe kwa makini kuliko kawaida ya wanafunzi wengi. Ukiulizwa utaje, jibu la maneno machache linatosha; ukiulizwa ueleze, alama ya pili hutolewa kwa sababu, na ndiyo inayopotea. Mwanafunzi akiandika kwamba kiwango cha kuchemka cha maji kiko juu kuliko cha haidrojeni salfaidi, amesema ukweli, lakini hajaeleza mpaka ataje vifungo vya haidrojeni kati ya molekuli za maji. Baraza la mitihani, KNEC, huchapisha ripoti kuhusu jinsi watahiniwa walivyojibu maswali. Mwombe mwalimu wako akuonyeshe nakala ya shule, kwa kuwa makosa yaliyoandikwa humo hurudiwa na watahiniwa wapya.

Karatasi ya tatu ya maabara inaniogopesha. Nifanye nini?

Hii ndiyo karatasi ninayomshauri mwanafunzi dhaifu aipende kwanza. Ina alama 40 na muda wa saa mbili na robo, na katika ujumlishaji unaotumiwa na shule nyingi huchangia 40 kati ya 100, kwa sababu karatasi mbili za nadharia huchangia 60 zilizobaki. Tena ni karatasi ambayo sehemu kubwa ya alama hutokana na nidhamu ya kuandika, wala haihitaji kipaji.

Chukua titresheni, yaani kupima kwa bureti (mrija wenye alama za ujazo) kiasi cha myeyusho mmoja kinachotosha kumenyuka na mwingine. Kabla hata ya hesabu, jedwali lina alama zake: kujaza nafasi zote, kuandika vipimo vya bureti kwa idadi ile ile ya desimali, kukaribia thamani iliyopatikana na mwalimu, na kutafuta wastani kwa vipimo vinavyokubaliana tu. Ukiandika 22.5 katika safu moja na 22.45 katika nyingine, umepoteza alama ya desimali bila sababu. Ukitumia desimali mbili, ya pili iwe 0 au 5, maana bureti haisomeki kwa usahihi zaidi ya hapo. Kipimo cha mwisho ni kikubwa kuliko cha mwanzo kwa sababu bureti husomwa kutoka juu kwenda chini. Anayevigeuza hupoteza alama pia. Usiweke kwenye wastani kipimo kilicho mbali na wenzake, na onyesha jinsi ulivyojumlisha na kugawanya.

Katika uchunguzi wa ayoni, tofautisha kwa ukali kati ya ulichokiona na unachohitimisha. Ulichokiona ni mashapo meupe (chembe ngumu zilizojitokeza ndani ya myeyusho) yaliyomumunyika katika hidroksidi ya sodiamu iliyozidi. Unachohitimisha ni kwamba huenda kuna Al³⁺, Zn²⁺ au Pb²⁺. Amonia ikizidi, mashapo ya zinki humumunyika, ila ya aluminiamu na ya risasi hubaki. Ili kutenga risasi, ongeza aiodidi ya potasiamu: risasi hutoa mashapo ya njano. Jifunze mfululizo huu kama njia yenye njia panda, uuchore kwenye daftari, na ufanye vivyo hivyo kwa shaba, ambayo mashapo yake ya samawati humumunyika katika amonia iliyozidi na kutoa myeyusho wa samawati iliyokoza, na kwa chuma, ambacho Fe²⁺ yake hutoa mashapo ya kijani na Fe³⁺ ya kahawia. Kisha kumbuka kwamba kutotokea kwa jambo nalo ni jambo la kuandika. Andika kwamba hakuna mashapo meupe yaliyoonekana. Usiandike kwamba hakuna kilichotokea.

Shule yetu ni ya kutwa na maabara haina vifaa vya kutosha. Tutajifunzaje kwa vitendo?

Ni kero ya kweli, na haifai kufunikwa. Mwalimu akifanya jaribio moja mbele ya darasa, kaa karibu, uandike vipimo kana kwamba ni wewe uliyeshika bureti, kisha ujaze jedwali lako mwenyewe. Wanafunzi wa shule jirani wanaweza kuomba, kupitia walimu wao, kutumia maabara siku ya Jumamosi. Shule nyingi hukubali ikiwa ombi linakuja mapema na kemikali zinachangiwa.

Nyumbani pia kuna kemia nyingi kuliko tunavyodhani. Katika familia nyingi za Waluhya, mboga kama murenda hupikwa kwa munyu wa kienyeji, musherekha, unaopatikana kwa kuchoma maganda ya maharagwe, kumwagia majivu maji na kuyachuja. Hapo kuna kumumunyisha, kuchuja na alkali, mambo matatu ya kidato cha kwanza, na kiungo kikuu cha maji hayo ni kaboneti ya potasiamu. Mimina maji ya limau ndani ya kikombe chake na utaona mapovu ya kaboni dioksidi. Molasi za viwanda vya sukari vya ukanda wa Muhoroni huchachushwa kuwa ethanoli, kwa mlinganyo ule ule wa glukosi ulio katika sura ya mwisho ya kemia ya kaboni. Wa Nakuru wana ziwa lenye magadi, ambalo litmasi nyekundu hugeuka samawati katika maji yake. Mwanafunzi aliyeviona vitu hivi hasahau milinganyo yake upesi.

Onyo moja ni la lazima. Usichanganye kamwe dawa ya kung'arisha nguo na dawa ya choo yenye asidi ili kuona kitakachotokea: hutoka gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu, na katika chumba kidogo inaweza kuua.

Je, tuisheni au kusoma kwa kikundi kunasaidia?

Kikundi cha watu watatu au wanne, ambamo kila mmoja anafundisha mada moja kwa zamu, husaidia sana, kwa kuwa anayefundisha hulazimika kuelewa. Tuisheni inafaa ikiwa mwalimu anaanza kwa kutafuta pengo lako. Akiendelea tu na sura ya darasani, pesa ya mzazi inapotea. Anayekuuzia kwa simu karatasi anayodai ni ya mtihani ujao ni mwizi, na anayepatikana nayo anaweza kufutiwa matokeo.

Mwanangu yuko gredi ya 10. Haya yanamhusu?

Sekondari ya juu ya mtaala wa umilisi ilianza Januari 2026, na vitabu vyake ni tofauti, kwa hiyo usimnunulie kitabu cha kiada cha 8-4-4 kama kitabu chake kikuu. Fomula, milinganyo na moli hazijabadilika, na ushauri uliotolewa juu ya mambo hayo unamfaa vilevile.

Imebaki miezi mitatu kabla ya KCSE na bado napata E. Nishike nini?

Usijaribu kusoma silabasi yote. Mwezi wa kwanza uwe wa fomula, milinganyo na moli, pamoja na karatasi ya tatu kila unapopata nafasi ya maabara. Mwezi wa pili chukua mada zenye mipaka inayoeleweka haraka: asidi na chumvi, muundo wa atomu na jedwali la elementi, majina na familia za kemia ya kaboni, na mionzi ya nyuklia, ambayo ni sura fupi yenye hesabu chache za nusu-uhai. Jifunze pia kuchora na kusoma grafu za mabadiliko ya joto na za kasi ya mmenyuko, kwa kuwa hutahiniwa katika nadharia na maabara pia. Elektrokemia na michoro mirefu ya viwandani iachie mwisho, na usome sehemu zake nyepesi tu. Katika mwezi wa tatu fanya karatasi kamili mbili kwa wiki kwa saa halisi, na baada ya kila moja andika daftarini ulipopoteza alama, ili karatasi inayofuata uianze ukiwa umeurudia ukurasa huo.